Kulirekebisha Gitaa Limfae Mwenyewe

Wahenga walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Neno hilo ni la kweli, kwa kuwa mvivu hakosi kulilaumu jembe lake. Hata hivyo, mkulima hodari akinunua jembe jipya haendi nalo shambani vivi hivi. Kwanza huukata mpini kwa kadiri ya kimo chake, huukwangua kwa kigae cha chupa mpaka uwe laini, kisha hutia kabari ili jembe lisicheze. Mtu mrefu akilima kwa mpini mfupi, jioni mgongo humwuma. Na mtoto akipewa mpini wa baba yake, hupata malengelenge wala haendi mbali. Watu hao hawachagui jembe. Wanalifanya jembe liwafuate wao.

Gitaa nalo ni vivyo hivyo. Gitaa litokalo kiwandani halikutengenezwa kwa ajili ya mtu fulani, bali kwa ajili ya yeyote atakayelinunua, awe na vidole virefu au vifupi, awe anatumia mkono wa kulia au wa kushoto. Tena magitaa ya bei nafuu mara nyingi hutoka kiwandani na nyuzi zilizo juu mno. Kijana hulinunua, hubana nyuzi kwa nguvu zake zote, vidole humwuma, na sauti haitoki safi. Baada ya miezi miwili hulitundika ukutani akiamini kwamba hakujaliwa kipaji cha muziki, kumbe kilichomshinda ni milimita mbili tu za urefu wa nyuzi.

Kuna na kosa la pili, lililo kinyume cha hilo. Mwingine huchukua tupa na kisu, hukata hapa na pale kwa pupa, na kwa jioni moja huliharibu gitaa ambalo fedha yake aliiweka akiba mwaka mzima. Mbao na mfupa vikiisha kukatwa havirudi. Kwa hiyo kanuni ya somo hili ni moja: mwenye gitaa aanze na mabadiliko yanayoweza kurudishwa, na yale yasiyorudishika ayaache mpaka mwisho, tena ayafanye kwa kupima.

SEHEMU ZA GITAA

Kabla ya kugusa kitu chochote, yafaa kuzijua sehemu za gitaa kwa majina yatakayotumika hapa. Sanduku ni lile tumbo lenye tundu litoalo sauti. Shingo ni mti mrefu utokao katika sanduku, na juu yake umegandishwa ubao wa vidole. Katika ubao huo vimepandwa vyuma vyembamba vilivyokingama. Vyuma hivyo huhesabiwa kutoka kichwani, cha kwanza, cha pili, na kuendelea. Kichwani zipo funguo za kukazia nyuzi. Pale kichwa kinapokutana na ubao wa vidole pana kijiti chenye mifuo sita ya kupitishia nyuzi; hicho kitaitwa mfupa wa juu. Chini, juu ya uso wa sanduku, limegandishwa daraja, na ndani ya daraja kimesimamishwa kijiti kingine, nacho kitaitwa mfupa wa chini. Siku hizi vijiti hivyo viwili mara nyingi ni vya plastiki, lakini jina la mfupa lafaa, maana mfupa ndio uliotumika tangu zamani na hata leo mafundi wengi huupenda.

Sehemu ya uzi inayolia ni ile iliyo kati ya mifupa hiyo miwili. Katika gitaa la kawaida la nyuzi za nailoni urefu wake ni karibu milimita 650. Chuma cha kumi na mbili kimepandwa katikati kabisa, yaani karibu milimita 325 kutoka mfupa wa juu. Jambo hilo likumbukwe, kwa sababu ndilo msingi wa hesabu zitakazofuata.

MKONO UULIZWE KWANZA

Mwenye gitaa hana budi kujua ni jambo gani hasa linalomsumbua. Je, vidole vyauma akibana karibu na kichwa, au akibana karibu na sanduku? Je, mkono haufiki pande zote mbili za shingo? Je, gitaa humteleza mapajani? Kila swali lina dawa yake, na dawa nyingine hazihitaji hata tupa.

Anayetelezewa na gitaa huhitaji mkanda tu. Apandishe na kushusha mkanda mpaka mkono wa kubana usipinde kifundoni. Wengi husema shingo ni nene, kumbe wamelishika gitaa chini mno, na kifundo kimekunjika hata vidole havina nafasi ya kufanya kazi.

Mwenye mikono midogo, au mtoto, aweza kusaidiwa na kibanio. Hiki ni kifaa kinachobana nyuzi zote sita pamoja juu ya ubao wa vidole. Vipo vya kununua, lakini penseli iliyofungwa kwa nguvu kwa mpira hufanya kazi ile ile. Nyuzi zilegezwe zote kwa kiasi cha vyuma viwili, yaani zishuke sauti moja nzima, kisha kibanio kifungwe kwenye chuma cha pili. Sauti itarudi ilivyokuwa, lakini uzi uliokuwa na milimita 650 sasa una karibu milimita 579, na nafasi kati ya chuma na chuma imepungua. Mtoto amepata gitaa dogo bila kukatwa kitu. Akikua, kibanio huondolewa.

NYUZI NA NGUVU ZAKE

Badiliko la pili lisilodhuru ni kubadili unene wa nyuzi. Nyuzi nyembamba hubanwa kwa nguvu kidogo. Nyuzi nene hutoa sauti kubwa lakini huchosha mkono. Mwanafunzi aanze na zile nyembamba, na aongeze unene kadiri vidole vinavyokomaa.

Ushuhuda mkubwa wa jambo hili ni Tony Iommi wa Birmingham, Uingereza. Mwaka 1965, alipokuwa na umri wa miaka 17, mashine ya kiwandani ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Yeye hupiga gitaa kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo vidole vilivyokatika vilikuwa vile vya kubana nyuzi. Mtu mwingine angekata tamaa. Lakini alisikilizishwa sahani ya santuri ya Django Reinhardt, mpigaji mashuhuri ambaye mkono wake uliungua vibaya katika moto mwaka 1928, akabaki na vidole viwili tu vya kupigia nyimbo zake nyingi. Basi Iommi aliyeyusha plastiki ya chupa, akajifanyizia vifuniko vya vidole, akavigandishia ngozi ili visiteleze. Nyuzi nyembamba za gitaa zilikuwa haba madukani, akatumia nyuzi za banjo. Baadaye alizilegeza nyuzi zake zishuke sauti, zikawa laini zaidi kubanwa. Sauti hiyo nzito iliyozaliwa na jeraha ndiyo iliyolifanya jina lake lijulikane duniani pamoja na kundi la Black Sabbath.

Lakini katika mambo ya nyuzi lipo onyo moja lisilopuuzwa. Gitaa la nyuzi za nailoni lisitiwe nyuzi za chuma. Zamani magitaa ya namna hiyo yalitumia nyuzi za utumbo wa kondoo. Utumbo ulipoadimika wakati wa Vita Kuu ya Pili, Albert Augustine wa New York alianza katika miaka ya 1940 kutengeneza nyuzi za nailoni. Nyuzi sita za nailoni huvuta daraja kwa nguvu ya karibu kilo 40. Nyuzi sita za chuma, hata zile nyepesi, huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 70, kama kwamba mtu mzima ananing'inia hapo usiku na mchana. Uso wa sanduku hauwezi kuuvumilia mzigo huo. Kwanza huvimba nyuma ya daraja, kisha shingo hupinda, na siku moja daraja hung'oka kwa kishindo pamoja na vipande vya mbao. Anayetaka sauti ya chuma anunue gitaa la chuma, au abadilishane na mwenziwe.

Kulitambua gitaa ni rahisi. La nailoni lina shingo pana, kama milimita 52 penye mfupa wa juu, na nyuzi zake hufungwa kwa fundo darajani. La chuma lina shingo nyembamba, kama milimita 43, na mara nyingi nyuzi zake hushikwa darajani kwa vigingi vidogo. Upana huo nao wamhusu mpigaji. Wale wa mtindo wa omutibo wa Magharibi ya Kenya, uliovumishwa na George Mukabi mpaka kufa kwake mwaka 1963, hupiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Kwao nafasi kati ya uzi na uzi ni jambo kubwa, maana nyuzi zikisongamana kidole hugusa uzi usiotakiwa. Aliyezoea kupiga hivyo na apime upana kabla ya kununua, kwa kuwa shingo haiongezwi upana baadaye.

KUSHUSHA NYUZI

Ikiwa nyuzi nyembamba zimewekwa na bado vidole vyauma, sasa yafaa kupima. Rula yenye alama za milimita isimamishwe juu ya chuma cha kumi na mbili, na ipimwe nafasi kati ya chuma hicho na upande wa chini wa uzi. Katika gitaa la chuma, nafasi ya kama milimita 2 kwa uzi wa kwanza na milimita 2.5 kwa uzi wa sita huwafaa watu wengi. Katika gitaa la nailoni, nyuzi hutikisika zaidi, kwa hiyo huachiwa kama milimita 3 kwa uzi wa kwanza na 4 kwa uzi wa sita. Apigaye kwa nguvu aziache juu kidogo, apigaye polepole azishushe kidogo.

Tuseme gitaa la chuma lina nafasi ya milimita 3.5 kwa uzi wa kwanza, na mwenyewe ataka 2.5. Anataka kupunguza milimita 1. Je, apunguze kiasi gani katika mfupa wa chini? Wengi hujibu milimita 1, nao hukosea. Kwa kuwa chuma cha kumi na mbili kipo katikati ya uzi, mfupa wa chini ukishuka milimita 2 uzi hushuka milimita 1 tu pale katikati. Basi hesabu ni kuzidisha kwa mbili: akitaka kushusha milimita 1, aondoe milimita 2 mfupani.

Kabla ya kuondoa, atazame mfupa umejitokeza kiasi gani juu ya daraja. Ukiwa umejitokeza milimita 5, zitabaki 3, na kazi yaweza kufanyika. Ukiwa umejitokeza milimita 2 tu, hakuna cha kuondoa. Uzi utalala juu ya daraja na sauti itakufa. Hapo kosa si la mfupa, bali la shingo, na mwenye gitaa aache kukata.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Nyuzi hulegezwa, na mfupa wa chini huchomolewa kwa koleo polepole. Hupigwa mstari wa penseli kwenye upande wake wa chini, kuonyesha mahali pa kuishia. Kisha karatasi ya msasa hulazwa juu ya meza iliyo sawasawa, na mfupa husuguliwa ukiwa umesimama wima. Usuguliwe upande wa chini tu, maana upande wa juu umeumbwa kwa kufuata nyuzi. Baada ya kuondoa nusu ya kiasi kinachotakiwa, urudishwe mahali pake, nyuzi zikazwe, na kipimo kichukuliwe tena. Kazi hii ya kurudia rudia yaweza kuchosha, lakini ndiyo inayotofautisha fundi na mharibifu.

Njia iliyo salama zaidi ni kuuhifadhi mfupa wa zamani bila kuugusa, na kuchonga mwingine. Mfupa wa muundi wa ng'ombe hupatikana kwa mwuza nyama. Huchemshwa mpaka mafuta yote yatoke, hukaushwa vizuri, hukatwa kwa msumeno mwembamba, kisha hulainishwa kwa tupa na msasa kwa kufuata kipimo cha ule wa zamani. Anayefanya kazi hiyo ajifunge kitambaa puani na mdomoni, kwa maana vumbi la mfupa si zuri kwa mapafu. Kazi ikiharibika, hasara ni kipande cha mfupa tu, na gitaa lipo salama.

Ikiwa maumivu yako karibu na kichwa, lawama ni ya mfupa wa juu. Ili kuupima, uzi hubanwa penye chuma cha tatu, na jicho hutazama juu ya chuma cha kwanza. Yatakiwa iwepo nafasi ndogo mno, kama unene wa karatasi. Nafasi ikiwa kubwa, mfuo wa uzi huo hauna kina cha kutosha, nao hukwanguliwa kwa tupa nyembamba iliyoinamishwa kuelekea upande wa kichwa. Pasipo na nafasi kabisa, mfuo umeingia mno. Uzi utagonga chuma cha kwanza na kuvuma kama nzi, na dawa yake ni mfupa mpya. Huku kuna hatari kuliko mfupa wa chini, kwa hiyo tupa ipite mara mbili au tatu tu, kisha ipimwe tena.

SHINGO ILIYOPINDA

Mara nyingine mifupa yote miwili ni mizuri, lakini shingo imepinda kwa kuvutwa na nyuzi. Uzi wa sita hubanwa penye chuma cha kwanza na pale shingo inapoingia katika sanduku, kisha nafasi hutazamwa penye chuma cha saba. Uzi ulionyooshwa hivyo ni rula iliyonyooka. Nafasi ya kama robo ya milimita, yaani unene wa karatasi mbili au tatu, ni nzuri, kwa sababu uzi huhitaji mahali pa kutikisikia. Ikiwa kubwa, shingo imepinda mbele. Pasipo na nafasi, imepinda nyuma.

Magitaa mengi ya chuma yana fimbo ya chuma iliyofichwa ndani ya shingo kwa ajili ya jambo hilo. Fimbo ya kurekebishwa ilianza kutumiwa na kampuni ya Gibson ya Marekani katika miaka ya 1920. Ncha yake huonekana kichwani chini ya kifuniko kidogo, au ndani ya tundu la sauti, nayo huzungushwa kwa ufunguo mdogo wa pembe sita. Kukaza huirudisha nyuma shingo iliyopinda mbele. Kulegeza huiachia ivutwe na nyuzi. Izungushwe robo ya mzunguko tu, kisha gitaa liachwe mpaka kesho yake kabla ya kupima tena. Ikikataa kuzunguka, isilazimishwe, kwa maana fimbo ikikatika ndani ya shingo, matengenezo huzidi bei ya gitaa lenyewe. Magitaa mengi ya nailoni hayana fimbo hiyo kabisa.

MTU WA MKONO WA KUSHOTO

Magitaa mengi sana hutengenezwa kwa wenye kutumia mkono wa kulia. Mwenye kutumia wa kushoto ana njia tatu. Ya kwanza ni ya Elizabeth Cotten wa North Carolina, Marekani, aliyezaliwa mwaka 1893 akafa mwaka 1987. Yeye aliligeuza gitaa bila kubadili nyuzi, zile nene zikawa chini. Akapiga nyuzi nene kwa vidole na zile nyembamba kwa kidole gumba, na mtindo wake huo ulimpatia sifa. Njia hii haina gharama, lakini ni vigumu kumpata mwalimu wa kuifundisha.

Njia ya pili ni ya Jimi Hendrix, aliyeishi tangu 1942 mpaka 1970. Aligeuza gitaa la mkono wa kulia, akazipanga nyuzi upya ili ile nene ikae juu. Atakaye kumfuata ajue kwamba kugeuza nyuzi peke yake hakutoshi. Mifuo ya mfupa wa juu ina upana mbalimbali. Uzi mwembamba ukitiwa katika mfuo mpana hucheza na kuvuma, na uzi mnene hauingii katika mfuo mwembamba. Kwa hiyo mfupa wa juu huchongwa upya. Katika gitaa la chuma la sanduku, mfupa wa chini nao umekaa mshazari ili nyuzi nene ziwe ndefu kidogo. Zikigeuzwa, sauti zitapotoka kila zinapobanwa karibu na sanduku. Hapo fundi huziba mfuo wa daraja na kukata mwingine ulioelekea upande wa pili. Gitaa la nailoni, ambalo mfupa wake wa chini kwa kawaida haukuinama, ni rahisi zaidi kugeuzwa.

Njia ya tatu ni kununua lililotengenezwa kwa mkono wa kushoto. Mzazi asimlazimishe mtoto wake kubadili mkono. Ni rahisi kulibadili gitaa kuliko kumbadili mtu.

KUBADILI SAUTI

Si kila rekebisho ni kwa ajili ya maumivu. Mengine ni kwa ajili ya sauti. Mfano ulio karibu ni wa Kongo. Katika makundi ya rumba yenye magitaa kadhaa, la katikati lilikuwa likifunikwa na mengine. Wapigaji wakauondoa uzi wa nne, ulio mnene, wakatia mahali pake uzi mwembamba kama ule wa kwanza, wakaukaza utoe sauti ile ile lakini juu kwa oktavu moja. Gitaa likapata mlio mwembamba wa kengele unaosikika vizuri kati ya gitaa la kuongoza na gitaa la kufuatisha. Mtindo huo huitwa mi-composé. Badiliko lenyewe hugharimu bei ya uzi mmoja, na likichukiza, uzi wa zamani hurudishwa.

KAZI ZA KUACHIWA FUNDI

Zipo kazi zisizomfaa mwanafunzi. Kuipunguza shingo unene kwa randa ni mojawapo, kwa sababu fimbo ya chuma imelala ndani yake wala haionekani. Nyingine ni kung'oa vyuma vilivyochakaa na kupanda vipya, kugandisha daraja lililoachia, na kukata mbao za sanduku ili kutia kinasio cha umeme. Tena ajuaye kutia kinasio akumbuke kwamba kile cha sumaku husikia nyuzi za chuma tu. Juu ya nailoni kitanyamaza.

Fundi seremala mwema aweza kuzifanya baadhi ya kazi hizo, hata kama hajawahi kutengeneza gitaa, mradi apewe vipimo vilivyoandikwa. Mwaka 1963 kijana wa Kiingereza Brian May na baba yake walianza kutengeneza gitaa zima nyumbani, shingo yake ikichongwa kwa mbao ya jiko la zamani la kuotea moto, na springi zake zikitoka katika pikipiki kuukuu. Kazi hiyo iliwachukua karibu miaka miwili, na gitaa hilo alilipiga tangu mwanzo wa kundi la Queen. Hawakuwa na vifaa vya thamani. Walikuwa na subira na vipimo.

JUA NA UNYEVU

Mwishowe, mwenye gitaa asishike tupa kabla ya kufikiri juu ya hali ya hewa. Mbao hunywa unyevu na kuvimba, kisha hukauka na kusinyaa. Gitaa lililopimwa Nairobi wakati wa kiangazi likipelekwa Mombasa, uso wake huvimba na kuinua nyuzi bila ya mtu kuligusa. Likirudi bara hushuka tena, na ncha za vyuma huanza kukwaruza kiganja kwa kuwa ubao umesinyaa. Basi gitaa lililosafiri liachwe siku kadhaa lizoee mahali, ndipo lipimwe. Lisiachwe kamwe ndani ya gari juani, wala karibu na jiko, kwa maana gundi hulainika na daraja huachia.

UTARATIBU KWA UFUPI

Mwenye gitaa aanze na mkanda na jinsi ya kukaa. Kisha abadili nyuzi. Kisha apime shingo, na kuinyosha ikiwa ina fimbo. Baada ya hayo apime mfupa wa juu, na mwisho mfupa wa chini, maana shingo na mfupa wa juu vikirekebishwa kipimo cha chini nacho hubadilika. Kila kipimo akiandike katika daftari pamoja na tarehe, na kila kitu kilichoondolewa akitie katika kopo, asikitupe. Siku atakapotaka kuliuza gitaa, au kumrithisha mdogo wake mwenye vidole vingine, vitu hivyo vitahitajiwa.

Ikiisha kazi hiyo, ajaribu kupiga wimbo mmoja anaoujua kwa muda wa nusu saa, kisha autazame mkono wake. Usipouma, tupa na msasa virudishwe sandukuni. Mkulima akiisha kuupata mpini wake haendelei kuukata, huingia shambani.